Mkazo na sumaku: kwa nini bati la chuma hupima tofauti likishavutwa, kukatwa na kubanwa

Swali: Nina ukanda wa bati la umeme la daraja la M400-50A, upana 30 mm, unene 0.5 mm. Nikiuvuta kwa nyutoni 600 huku nikipima, upenyevu wa sumaku unapanda. Nilipoendelea hadi nyutoni 6,000 ulishuka chini ya pale ulipoanzia, na nilipoachia haukurudi. Nilisoma kwamba mvuto huboresha chuma na mgandamizo hukiharibu. Mbona kwangu imekuwa hivi? Tena stata zetu (sehemu za mota zisizozunguka) za bati hilohilo zinakula mkondo mkubwa bila mzigo kuliko tulivyokokotoa, na hali inazidi zikishaingizwa kwenye fremu ya alumini. Je, ni mkazo? Na je, naweza kuligeuza jambo hili nikapima mkazo wa nguzo ya chuma kwa kutumia sumaku?

Jibu: Ni mkazo, lakini kipimo chako kimegusa mambo mawili tofauti. Ukanda wako una eneo la 15 mm². Nyutoni 600 juu ya eneo hilo ni 40 MPa (megapaskali, yaani nyutoni kwa kila milimita ya mraba), na hapo chuma bado kiko ndani ya unyumbufu: ukiachia kinarudi urefu wake. Nyutoni 6,000 ni 400 MPa. Bati la daraja hili huanza kurefuka bila kurudi karibu na 300 MPa, kwa hiyo ulikuwa umeshavuka kikomo. Ulichopima mara ya pili si chuma kilekile kikiwa kimevutwa zaidi. Ni chuma ambacho mpangilio wake wa ndani umevurugika. Ulichosoma kinahusu mkazo wa unyumbufu peke yake, na hata hapo kina masharti yake.

Mkazo wa unyumbufu

Kila fuwele ndani ya chuma imegawanyika katika vikoa vidogo vya sumaku. Kila kikoa tayari kimeshiba, yaani sumaku yake imefika kikomo. Kinachotofautisha kimoja na kingine ni mwelekeo. Fuwele ya chuma ina umbo la mchemraba, na mielekeo iliyo rahisi kwa sumaku ni kingo za mchemraba huo. Unapoweka uga wa sumaku, vikoa vilivyoelekea upande wa uga hupanuka kwa kula vingine, yaani kuta zinazotenganisha vikoa husogea. Upenyevu mkubwa maana yake ni kwamba kuta zinasogea kwa uga mdogo.

Sasa, chuma kinaposhiba sumaku kufuata ukingo wa mchemraba, hurefuka upande huo kwa takriban sehemu 21 kwa milioni. Ndiyo magnetostriksheni, ambayo James Joule aliieleza mwaka 1842. Kinyume chake, yaani mkazo kubadilisha usumaku, kinafungamana na jina la Emilio Villari na mwaka 1865. Mantiki yake ni nyepesi: kama kikoa hurefuka upande wa sumaku yake, basi ukikivuta chuma, vikoa vilivyolala sambamba na mvuto vinapata nafuu ya nishati na vinaongezeka. Ukikigandamiza, vikoa vinavyokingama na mgandamizo ndivyo vinavyopendelewa.

Zingatia kwamba mkazo hauna ncha. Unachagua mhimili, hauchagui kaskazini wala kusini. Chuma kisicho na usumaku wowote, kikivutwa mahali pasipo na uga hata kidogo, hakitageuka kuwa sumaku. Ukuta unaotenganisha vikoa viwili vinavyotazamana kinyume kabisa, nyuzi 180, hausukumwi na mkazo, kwa sababu pande zote mbili zinapata nafuu ileile. Zinazosukumwa ni kuta za nyuzi 90.

Mkazo una nguvu kiasi gani? Nishati yake ni moja na nusu mara magnetostriksheni mara mkazo. Kwa 100 MPa na sehemu 21 kwa milioni, unapata 3,150 J/m³. Nishati inayoifunga sumaku kwenye kingo za mchemraba wa chuma ni karibu 48,000 J/m³. Kwa hiyo mkazo wa kawaida hauwezi kuing'oa sumaku kutoka kwenye kingo; unaweza tu kuamua ni ukingo upi kati ya ile iliyopo utakaopata vikoa vingi. Linganisha na nikeli: magnetostriksheni yake ni hasi, karibu sehemu 34 kwa milioni, na nishati ya fuwele yake ni takriban 5,000 J/m³ tu. Huko 100 MPa inatosha kutawala kabisa, na tena kwa alama iliyogeuka: mvuto ndio unaoharibu. Kanuni ya "mvuto huboresha" usiihamishie kwenye metali yoyote bila kuangalia alama ya magnetostriksheni yake. Aloi ya chuma yenye silikoni 6.5% ina magnetostriksheni iliyo karibu na sifuri, na ndiyo maana haisumbuliwi sana na mkazo, ingawa ugumu wake unaifanya iwe taabu kuikata.

Hata kwenye chuma cha kawaida, tena ndani ya unyumbufu, kuna pindu. Kufuata pembe ya mchemraba, yaani ulalo wake wa ndani, magnetostriksheni ya chuma ni hasi, karibu sehemu 21 kwa milioni vilevile. Chuma chenye fuwele nyingi zilizolala ovyo hurefuka kwanza uga ukiwa mdogo, kisha hufupika uga ukipanda na sumaku ikaanza kulazimishwa kutoka kwenye kingo. Matokeo yake, mvuto huongeza usumaku kwenye uga mdogo na huupunguza kwenye uga mkubwa. Mtu aliyepima kwa 100 A/m na mwingine aliyepima kwa 5,000 A/m wanaweza kubishana, na wote wawili wakawa sahihi. Unapoandika matokeo, andika uga au tesla ulizopimia. Bila hiyo namba yako haina maana.

Mgandamizo ni jambo zito zaidi. Mvuto ukishavipanga vikoa sambamba, hauna kingine cha kukupa: kwenye bati la aina yako faida hufikia kilele kwenye makumi machache ya MPa kisha hupungua. Mgandamizo hauna kilele cha namna hiyo. Vikoa vinakingama na njia ya fluksi (mtiririko wa sumaku), uga unalazimika kuvirudisha kupitia kuta za nyuzi 90, na mviringo wa histeresisi, yaani mchoro wa usumaku dhidi ya uga unapopanda na kushuka, unalala chini. MPa 50 za mgandamizo kufuata njia ya fluksi zinatosha kupandisha upotevu wa nishati ndani ya chuma kwa makumi ya asilimia, na mkondo wa kusumakisha hupanda zaidi ya hapo. Kumbuka pia kwamba kuvuta bati kwa upande unaokingama na fluksi kunafanya kazi karibu sawa na kuligandamiza kufuata fluksi. Ndiyo maana mwelekeo wa mkazo peke yake hautoshi. Lazima uujue ukilinganisha na njia ya fluksi.

Kisichobadilika ni ukomo wa kushiba. Chuma safi hushiba karibu na 2.15 T, na chenye silikoni 3% karibu na 2.03 T, kiwe kimevutwa au hakikuvutwa. Madhara ya mkazo huonekana sana katikati, takriban kati ya 0.5 T na 1.3 T, kisha hufifia kadiri unavyokaribia kushiba. Jambo hili litatusaidia kwenye stata zako.

Ulipovuka kikomo

Chuma kinaporefuka bila kurudi, ndani yake huzaliwa kasoro za mstari katika mpangilio wa atomu, ambazo wataalamu wa metali huziita dislokesheni. Kila kasoro ina mkazo wake mdogo kuizunguka, na kuta za vikoa hukwama hapo. Uga unaohitajika kufuta usumaku huongezeka takriban kwa kipeuo cha pili cha wingi wa kasoro hizo. Hapa hakuna mwelekeo mzuri: uvute, ubonyeze, upinde, chuma kinazidi kuwa kigumu kusumakisha. Na sehemu kubwa ya uharibifu hutokea mwanzoni. Asilimia moja ya kwanza ya mrefuko wa kudumu huumiza kuliko asilimia tano zinazofuata, kwa hiyo "kilipinda kidogo tu" si utetezi.

Kuna sehemu ya pili ya hadithi hiyo, na ndiyo inayoeleza kwa nini ukanda wako ulipima vibaya hata baada ya kuachiwa. Fuwele hazirefuki kwa usawa. Zilizo laini hutangulia, zilizo ngumu na mipaka kati ya fuwele hubaki nyuma. Ukiachia, zile ngumu hujirudi na kuzisukuma zile laini, kwa hiyo sehemu kubwa ya chuma hubaki ikiwa imegandamizwa upande uleule uliovuta. Una mgandamizo wa ndani bila mtu yeyote kuugandamiza ukanda.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe. Chukua ukanda huo ulioharibika, ondoa usumaku, kisha uvute polepole tena hadi 1,000 au 2,000 N, yaani 67 hadi 133 MPa. Utaona upenyevu unapanda, kwa kuwa mvuto wa nje unafuta mgandamizo wa ndani. Hautafika ulipokuwa ukanda mpya, maana dislokesheni bado zipo, lakini kiasi kinachorudi kinakupa makadirio ya sehemu ipi ya uharibifu ni mkazo uliobaki na ipi ni kasoro zenyewe.

Kabla ya kuamini kipimo

Vipimo vingi vya aina hii huharibiwa na ufungaji wa ukanda, si na vifaa vya umeme. Bati la 0.5 mm likipindwa kwa nusu-kipenyo cha mita 1, mkazo wa juu ya uso ni karibu 50 MPa: upande mmoja mvuto, upande mwingine mgandamizo. Usidhani vinafutana. Mgandamizo unaharibu zaidi ya mvuto unavyotengeneza, kwa hiyo jumla ni hasara. Kibano kilichokaa mshazari kidogo, au bati lililokuwa na mawimbi likalazimishwa kunyooka, kinatosha kukupa tarakimu za uongo. Bandika vipimamkazo viwili, kimoja kila upande wa bati. Vikisoma tofauti, unapinda.

Ukitaka kupima mgandamizo, ukanda mtupu hautakubali. Kipande cha 0.5 mm chenye urefu huru wa 100 mm hupinda kwa MPa 4 tu ikiwa ncha zake zinaweza kuzunguka, na kwa karibu MPa 16 ikiwa zimebanwa imara. Uweke katikati ya bamba mbili nene za plastiki ngumu au nyuzi za kioo, zilizokazwa kiasi cha kuzuia kupinda bila kuzuia kuteleza. Bamba za metali hazifai hapo, kwani mikondo ya umeme inayozalishwa na kuzunguka ndani yake (mikondo ya kuzunguka) itaingia kwenye hesabu yako ya upotevu.

Ondoa usumaku kila unapobadilisha mkazo: anza na uga wa 50 Hz ulio mkubwa mara kadhaa kuliko uga wa kufuta usumaku, uushushe taratibu hadi sifuri kwa sekunde 20 au 30. Sababu ni kwamba chuma hukumbuka mpangilio wa matukio. Ukiweka uga kisha ukabadilisha mkazo, usumaku utaruka kuelekea hali yake ya utulivu na hautarudi ukirudisha mkazo. Ukiweka mkazo kwanza kisha uga, utapata namba nyingine. Zote ni za kweli, ila hazilinganishwi.

Kagua pia voltesheni. Koili ya pili yenye mizunguko 200 juu ya ukanda wako, kwa 50 Hz na 1.0 T, itoe karibu 0.67 V (4.44 mara masafa, mara mizunguko, mara eneo, mara tesla). Ukiwa mbali na hapo, tatizo liko kwenye eneo au idadi ya mizunguko, wala si kwenye mkazo. Na ukitumia nira kufunga njia ya fluksi, usiuhesabu uga kwa mkondo wa koili peke yake. Weka koili ndogo bapa iliyolala juu ya bati.

Sasa stata

Cheti cha M400-50A kinaahidi upotevu usiozidi 4.00 W/kg kwa 1.5 T na 50 Hz. Ahadi hiyo hupimwa kwa fremu ya Epstein, kifaa cha kawaida cha kupimia bati la umeme, kwa kanda za upana wa 30 mm, nusu zikikatwa kufuata mviringisho (mwelekeo ambao bati liliviringishwa kiwandani) na nusu zikiukingama. Stata yako si kanda za 30 mm. Meno yake huenda yana upana wa 5 au 6 mm, na hapo ndipo kukata kunapouma.

Panchi inapopita, ukingo wa bati huvunjwa kwa nguvu. Karibu kabisa na mkato chuma kimerefuka bila kurudi, na nyuma yake kuna ukanda wa mkazo uliobaki unaoendelea kwa milimita moja, mbili au zaidi kuingia ndani. Jino la 5 mm lina kingo mbili. Ukitoa milimita 2 kila upande, chuma kizima ndani yake ni kamba nyembamba tu. Panchi butu huongeza upana wa eneo hilo. Kwa bati la 0.5 mm, nafasi kati ya panchi na dai (kibao chenye tundu ambamo panchi huingia) huwa kwenye 5 hadi 8% ya unene, yaani 0.025 hadi 0.04 mm. Ukiona ncha kali ukingoni zinazozidi 0.05 mm, kunolewa kwa dai kumeshachelewa. Kukata kwa leza hakukuokoi: hakupindi bati, lakini joto lake huacha mkazo mkubwa ukingoni, na kwenye uga mdogo linaweza kuwa baya kuliko panchi kali. Waya wa cheche za umeme na maji ya msukumo mkubwa huharibu kwa kiasi kidogo kuliko hizo, ila ni polepole, hufaa kwa sampuli.

Kuna jaribio rahisi la kujua ukingo wako unakugharimu nini. Kata kanda za 30 mm kwa mashine yenu yenyewe. Zipime. Kisha zigawanye mbili za 15 mm, zipange ubavu kwa ubavu na upime tena. Halafu tatu za 10 mm, halafu nne za 7.5 mm. Uzito ni uleule, kinachoongezeka ni kingo tu. Chora upotevu dhidi ya idadi ya mikato, na mteremko wa mstari huo ndio gharama ya mkato mmoja. Kwa maoni yangu, kila karakana inayokata bati la umeme ingefaa kulirudia kila dai linaponolewa.

Kisha fremu. Tuchukue stata yenye nusu-kipenyo cha nje 100 mm na kina cha mgongo (pete ya chuma iliyo nyuma ya meno) 20 mm, ndani ya fremu ya alumini ya unene wa 8 mm. Fremu ikiwa ndogo kuliko stata kwa 0.2 mm kwenye kipenyo, inabana kwa shinikizo la karibu 5 MPa. Shinikizo hilo, mara nusu-kipenyo, gawa kwa kina cha mgongo, linakuwa mgandamizo wa mzingo wa takriban 25 MPa, na fluksi ya mgongo inapita humohumo kwenye mzingo. Ni mkazo mbaya katika mwelekeo mbaya. Hesabu hii imerahisishwa, inachukulia mgongo kama pete tupu bila meno, lakini inatosha kukuonyesha ukubwa.

Alumini hutanuka kwa sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii, chuma kwa 12. Mashine ikipanda joto kwa digrii 60, fremu inajiachia kwa 0.066 mm kwenye nusu-kipenyo, kutoka 0.1 mm iliyokuwepo. Mgandamizo unashuka hadi karibu theluthi. Hivyo mkondo bila mzigo uliopimwa mashine ikiwa baridi utakuwa mkubwa kuliko ukishapata moto, na tofauti hiyo yenyewe ni dalili ya mkazo wa fremu. Lakini usikimbilie kupunguza ubanaji kwa sababu hiyo: ni huohuo unaozuia stata isizunguke ndani ya fremu ikiwa moto. Hesabu torki ya juu kabisa kwa joto la juu kabisa kwanza, au tumia funguo au pini zibebe torki, ndipo upunguze.

Kuchomelea mgongo kwa nje nako kuna hesabu mbili. Mshono unapopoa hunywea na kuacha mkazo pembeni yake, na papo hapo huunganisha bati kwa umeme. La kwanza ni mkazo, la pili ni mikondo ya kuzunguka, na tiba zake hazifanani. Zitenganishe hivi.

Zungusha koili kupitia tundu la stata na kurudi kwa nje, kama kiini cha duara. Kwa mgongo wa 20 mm, urefu wa stata 100 mm na kipengele cha kujaza (sehemu ya rundo ambayo ni chuma halisi) cha 0.96, kila mzunguko hutoa 0.43 V kwa 1.0 T, 50 Hz. Mizunguko 20 inataka 8.5 V. Weka koili ya pili nyembamba ya kupimia voltesheni, ili upotevu wa waya usiingie. Stata ikiwa ndani ya fremu, toa vifuniko vya pembeni na rota. Vikiwepo, vinafunga mzunguko wa umeme kuizunguka fluksi na kipimo kinaharibika.

Pima upotevu kwa tesla ileile kwenye 20, 50 na 100 Hz. Gawanya kila upotevu kwa masafa yake, uchore dhidi ya masafa. Mkazo huongeza hasa histeresisi, kwa hiyo unainua mstari mzima kutoka chini. Bati zilizogusana huongeza mikondo ya kuzunguka, kwa hiyo mstari unasimama wima zaidi. Fanya hivyo kabla ya kuchomelea, baada ya kuchomelea, na baada ya kuingiza fremu. Halafu linganisha mkondo wa kusumakisha kwa 1.0 T na kwa 1.6 T. Ukipanda kwa uwiano mkubwa kwa 1.0 T na kidogo kwa 1.6 T, ni mkazo. Ukipanda zaidi kule juu, chuma hakitoshi: eneo limepungua, bati ni nyembamba au kipengele cha kujaza kimekosewa. Na usisahau kuwa mkondo bila mzigo wa mota iliyokamilika unatawaliwa sana na pengo la hewa, 0.05 mm ya ziada kwenye pengo inaweza kukupotosha ukalaumu chuma. Ndiyo sababu ya kupima stata peke yake.

Kuchoma ili kuondoa mkazo

Uharibifu wa kukata unarudishwa kwa tanuru. Wa fremu haurudishwi, kwa sababu fremu huja baadaye. Kwa bati lisilo na mwelekeo kama lako, 750 °C kwa saa moja hadi mbili, ukihesabu tangu katikati ya rundo ifike joto hilo, si tangu kipimajoto cha tanuru kisome. Tumia nitrojeni kavu, au nitrojeni yenye hidrojeni kidogo chini ya uangalizi wa mtu anayeijua hatari yake. Poza ndani ya tanuru hadi chini ya 300 °C. Kupoza haraka, au rundo likiwa na joto lisilolingana, kunarudisha mkazo mpya uleule uliolipia kuuondoa.

Mambo mawili huharibu kazi hii mara nyingi. La kwanza ni mafuta ya panchi. Yasipoondolewa kwa kuosha, au kwa kupasha kwanza karibu na 400 °C, kaboni yake huingia kwenye chuma. Kaboni ikizidi takriban 0.005%, upotevu unapanda, na utaendelea kupanda kadiri mashine inavyofanya kazi ikiwa na joto. La pili ni tabaka la kuhami. Tabaka za vanishi ya kikaboni huungua kwenye joto hilo na bati zikagusana. Umeponya histeresisi ukazaa mikondo ya kuzunguka. Muulize muuza bati kama tabaka lake linastahimili tanuru kabla hujawasha.

Bati la transfoma lenye punje zilizoelekezwa ni jepesi zaidi kuumia. Tabaka lake la kuhami limewekwa makusudi liuvute uso wa chuma kwa MPa kadhaa, na mvuto huo mdogo ndio unaopunguza upotevu na mlio wa 100 Hz kwenye mtandao wa 50 Hz. Mgandamizo wa MPa 5 tu kufuata mviringisho unaufuta. Ukilikunja kutengeneza kiini cha duara, kumbuka bati la 0.27 mm kwenye nusu-kipenyo cha 30 mm linarefuka kwa 0.45% usoni, karibu maradufu ya kikomo cha unyumbufu. Kiini hicho lazima kiingie tanuruni, kwa joto la juu kidogo, karibu 800 hadi 820 °C.

Kupima mkazo wa nguzo kwa sumaku

Inawezekana, na inafanywa, lakini si kwa namna unayoifikiria. Njia iliyozoeleka zaidi husikiliza mlio wa Barkhausen, yaani vishindo vidogo vya umeme kwenye koili vinavyotokea kuta za vikoa zinapokwama na kuachia. Heinrich Barkhausen aliugundua mwaka 1919. Mvuto huongeza mlio, mgandamizo huupunguza. Kwa masafa yanayotumika, unasikia sehemu ndogo tu ya milimita chini ya uso, kwa hiyo kusaga, kupiga mchanga au kutu vinaweza kubadilisha jibu kuliko mzigo wenyewe.

Shida kubwa ni kwamba ugumu wa chuma, ukubwa wa punje na kaboni hubadilisha mlio kwa kiwango kilekile cha mkazo. Bila sampuli ya chuma kilekile, kutoka kundi lilelile, iliyovutwa na kugandamizwa kwenye mashine ukiwa na kipimamkazo juu yake, namba utakayopata kwenye nguzo haiwezi kugeuzwa kuwa MPa. Na ukisoma usumaku uliomo tu kwenye nguzo kwa sensa ya uga, bila kuisumakisha, utakuwa unasoma historia: uga wa dunia, wenye mikrotesla 25 hadi 65, ukisaidiwa na mitetemo na mizigo ya miaka, huisogeza nguzo kuelekea usumaku ambao haulingani na mzigo wa leo. William Gilbert alishaonyesha mwaka 1600 kwamba chuma kinachofuliwa kikiwa kimeelekezwa kaskazini na kusini hutoka kikiwa sumaku. Nguzo iliyosafirishwa, ikapigwa nyundo na kuchomelewa, imefuliwa vilevile bila mtu kukusudia.

Sensa hizi hufaa kwa kulinganisha: nguzo ileile, mahali palepale, kabla na baada ya kubadilisha mzigo unaoujua. Kwa nguzo ambayo hukuwahi kuipima ikiwa haina mzigo, tumia mbinu ya kutoboa tundu dogo penye vipimamkazo, au miale ya eksirei.